Moyo wa Kuku, Shingo ya Twiga na Mkono wa Mgonjwa
Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii, wafugaji na wanafunzi wa fiziolojia, Kahawa Sukari, Ruiru



Nimeombwa nizungumzie utafiti wa miili ya wanyama na jinsi unavyohusiana na afya ya mishipa ya damu ya binadamu. Mtu akiisikia mada hii hudhani ni habari ya maabara za Ulaya na Marekani. Sivyo. Sehemu nzuri ya ushahidi ulioko vitabuni ilitoka kwa wanyama na watu wa nchi hii. Kilichotoka nje ni maswali. Hoja yangu leo ni kwamba umefika wakati wa kuuliza maswali yetu wenyewe, na kwamba wanyama wa kuyajibu wako kwenye vibanda na machinjio yetu.

Nianze na kuku, maana najua nusu ya ukumbi huu ina banda nyuma ya nyumba.

Mnaofuga kuku wa nyama mmeiona hali hii. Kuku wa wiki ya nne au ya tano, tena mara nyingi yule aliyewapita wenzake kwa uzito, anaanza kuhema mdomo wazi. Upanga wake unaingia rangi ya zambarau. Hataki kutembea. Asubuhi unamkuta amelala chali, amekufa. Daktari wa mifugo akimpasua, maji ya manjano yanamwagika kutoka tumboni, ini limevimba, na moyo umelegea upande mmoja. Wafugaji husema ni baridi, au ni chakula kibovu kutoka agroveti. Wengine hulaumu jirani.

Mwangalie huo moyo kwa karibu. Kata vyumba vya juu, ubaki na vile viwili vya chini vinavyosukuma damu. Tenganisha ukuta wa kulia na uliobaki, kisha upime kwa mizani ndogo. Kwa kuku mzima ukuta wa kulia ni mwembamba. Ukizidi robo ya uzito wa vyote viwili, pana shaka, kwa sababu upande wa kulia ndio unaopeleka damu mapafuni. Umenenepa kwa kusukuma kitu kisichopitika kwa urahisi.

Sababu zake zimefanyiwa utafiti wa kutosha. Mapafu ya ndege yameshikamana na mbavu na hayatanuki kama yetu, kwa hiyo mishipa yake midogo haina nafasi ya kupanuka damu inapoongezeka. Broila naye amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili afikishe kilo mbili kwa wiki tano au sita, na mwili unaokua kwa kasi hiyo unadai oksijeni nyingi. Moyo unasukuma damu zaidi, mishipa ya mapafu haipanuki, shinikizo linapanda, upande wa kulia unachoka, na maji yanavuja kutoka kwenye ini hadi tumboni. Ongeza hapo mwinuko wetu. Hapa Kahawa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Ongeza jiko la makaa ndani ya banda lililozibwa kwa maturubai. Ongeza na chumvi: imethibitishwa kwamba chumvi ikizidi kwenye maji au chakula, vifaranga hupata ugonjwa huu huu.

Kupunguza kasi ya ukuaji katika wiki za mwanzo, kwa kuwapa saa za giza au kupima chakula, hupunguza vifo. Kuku aliyepunguziwa chakula kidogo huishi hadi soko. Mfugaji anayehesabu gramu kila siku hapendi kuambiwa hivyo, nami namwelewa.

Binadamu si kuku. Katika mwinuko kama huu mapafu yetu hayapati shida hiyo. Kwa watu shida hiyo huanza kuhesabika kutoka mita 2,500 hivi kwenda juu. Presha inayotuua huku ni ya mishipa inayopeleka damu mwilini, inayoishia kwenye kiharusi, moyo kushindwa kazi na figo kuharibika. Hata hivyo kuku ametuonyesha jambo moja la kubeba: shinikizo hupanda pale mishipa inapodaiwa kazi ambayo mwili haukupewa muda wa kuizoea.

Hapo ndipo historia ya Kenya inapoingia. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, pande za Kisii, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya watu 1,000 hivi. Aliripoti kwamba presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake, hakupata hata mmoja aliyebainika kuwa na presha ya juu. Wako waliotoka hapo wakasema Mwafrika ana damu ya namna yake.

Miongo sita baadaye jibu likapatikana. Mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Presha ya waliohamia mjini ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti ilionekana mapema, tangu miezi ya mwanzo. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, ile inayopatikana kwenye mboga, ndizi na maharagwe. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, na uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi. Ukoo ule ule, damu ile ile. Kilichobadilika ni sahani na mwendo wa maisha.

Kufikia mwaka 2015, uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Toka Donnison hadi hapo ni umri wa bibi mmoja.

Sasa twende kwa twiga, kwa sababu yeye huuliziwa sana na huelezwa vibaya. Kichwa cha twiga mzima kiko karibu mita mbili juu ya moyo. Nguzo ya damu ya urefu huo peke yake inahitaji shinikizo la milimita 150 na ushei za zebaki kuinyanyua, kabla hata ubongo haujapata tone. Ndiyo maana presha ya twiga karibu na moyo ni kama mara mbili ya yetu. Miaka ya 1960 Robert Van Citters na wenzake kutoka Marekani walikuja Kenya, wakafunga vipimo vyenye redio kwenye shingo za twiga wa porini, wakawaachia watembee na kusoma presha kwa mbali. Matokeo yalitoka mwaka 1966 katika jarida la Science. Mtu mwenye presha kama ile angeharibika moyo na figo. Twiga haharibiki: ukuta wa moyo wake ni mnene na chumba chake cha ndani ni kidogo, na ngozi ya miguu inabana kama soksi ngumu ili maji yasivuje chini.

Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, pamoja na Douglas Cavener wa Marekani, waliongoza kazi ya kusoma jenomu ya twiga wa Kimaasai. Moja ya jeni zilizoonekana kubadilika sana ni FGFRL1. Mwaka 2021 watafiti wa China wakaipandikiza namna hiyo ya jeni kwa panya, kisha wakawapa homoni inayopandisha presha. Presha ya panya wa kawaida ilipanda, na mioyo na figo zao zikapata makovu. Wale wenye jeni ya twiga walihimili vizuri zaidi. Ni kazi nzuri. Lakini mgonjwa wa Ruiru asisubiri kidonge cha twiga. Twiga alipewa mamilioni ya miaka, na yule kijana aliyehamia Nairobi alipewa miezi.

Kwa wahudumu wa afya ya jamii, funzo la twiga liko karibu zaidi kuliko jeni. Tangu mwaka 2023 wengi wenu mmepewa mikoba yenye mashine ya presha. Nimewaona baadhi yenu mkipima watu wakiwa wamesimama kwenye foleni, mkono unaning'inia, na mazungumzo yanaendelea. Hesabu ya shingo ya twiga ndiyo hiyo hiyo ya mkono wa mgonjwa. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, mashine inaongeza milimita 7 au 8 ambazo mgonjwa hana. Ukiwa juu ya moyo, inapunguza. Mama mwenye 134 anaandikwa 142, anaambiwa ana presha, analala macho wazi. Mwingine mwenye ugonjwa kweli anarudishwa nyumbani. Mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza sawa na kifua, na mdomo ufungwe, wa mpimaji pia. Pima mara mbili.

Nyani nao wana habari yao. Mwaka 1960 kikundi cha watafiti wa Marekani, Henry McGill na Jack Strong wakiwamo, kilichapisha uchunguzi wa ateri za nyani wa Kenya. Katika wanyama hao wa porini, wasiojua chipsi wala sigara, walikuta michirizi ya mafuta kwenye ukuta wa aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ikiongezeka kadiri mnyama anavyozeeka. Madonda makubwa yanayopasuka na kuziba mshipa yalikuwa haba. Nyani wa Kenya walisafirishwa hadi San Antonio, Texas, na kundi la utafiti lililoanzia kwao limezaa maandiko mengi juu ya lehemu na mishipa. Mwaka 1972 mtafiti George Mann na wenzake wakaeleza kitu kinachofanana kwa Wamaasai: ukuta wa ateri umenenepa na una mafuta, lakini mshipa wenyewe umepanuka na njia ya damu iko wazi. Wanaume wale walikuwa watu wa kutembea sana. Kwa maoni yangu matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanasema kwamba mafuta kuanza kujipaka kwenye mshipa ni jambo moja, na mshipa kuziba ni jingine, na kati ya hayo mawili kuna miaka ambayo mtu anaweza kufanya kitu.

Angalieni sasa nani aliuliza. Nyani wa kwetu, twiga wa kwetu, Waluo na Wamaasai wa kwetu, na karibu kila swali lilianzia kwenye ofisi ya ng'ambo. Sisemi hivyo kwa uchungu. Tumefaidika. Vidonge vya presha kama enalapril vilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil, na hakuna anayevikataa kwa sababu nyoka si wa Kiambu. Tena, ni hapa Kiambu, kule Tigoni, ambako Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, alianzisha kituo kilichokuja kuwa taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen.

Kazi ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya mbuzi. Profesa Julius Ogeng'o, Stephen Kiama na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichukua aota ya mbuzi wa kawaida na kuichunguza sehemu kwa sehemu chini ya hadubini. Waliona tabaka la ndani halifanani kuanzia moyoni hadi tumboni, na katika tabaka la kati wakaeleza visiwa vya misuli katikati ya nyuzi za elastini. Wakapendekeza mbuzi kama mnyama anayefaa kusomewa mishipa ya binadamu. Hakuna ndege iliyokodiwa, na mbuzi ni mnyama tunayemchinja kila siku kwa ajili ya chakula.

Kutoka hapo napendekeza swali moja kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wa chuo kikuu kilichoko Juja. Katika machinjio ya Kiamaiko wanafika mbuzi kutoka malisho ya kaskazini na ya Kajiado. Katika mitaa yetu wako mbuzi waliokulia kwenye ploti, wakila maganda, mabaki ya chapati na ugali wenye chumvi, wakitembea kutoka lango hadi lango. Je, aota zao zinafanana? Ni swali lile lile la Waluo waliohamia Nairobi, ila hapa mshipa wenyewe unaweza kukatwa na kutazamwa. Gharama yake ni mizani, visu, dawa ya kuhifadhia tishu na ruhusa ya mwenye mbuzi, pamoja na kibali cha kamati ya maadili, ambacho kisirukwe. Jibu linaweza kuwa hapana, hazitofautiani. Hilo nalo liandikwe.

Wafugaji, kuku wenu wakifa kwa kuhema, msiwatupe shimoni wala msiwauze kwa bei ya chini. Mwiteni daktari wa mifugo awapasue, kwanza ahakikishe si mdondo, kisha aandike uzito wa moyo, umri wa kuku na aina ya jiko lililokuwa bandani. Nanyi wahudumu wa afya, kabla ya kuondoka leo, meza mbili ziko pale mlangoni na mashine ziko juu yake: kila mmoja apimwe akiwa ameketi, mkono sawa na moyo.