Mungu Alitupenda Kwanza: Upendo na Usalama wa Wazee Wetu

Mazungumzo na viongozi wa walei, Ng'ambo, Tabora



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista, akina mama wa WAWATA na vijana: leo tunataka kutafakari pamoja neno tunalolisikia kila Dominika, na ambalo kwa kulizoea limepoteza makali yake. Neno hilo ni upendo.

Wahenga walisema mtu ni watu. Mtoto mchanga anayenyonya na kuvishwa, lakini habebwi wala hachekewi, hudhoofika. Mzee mwenye ghala la mahindi asiye na mtu wa kumwamkia asubuhi hunyauka kabla ya siku zake. Haja ya kupendwa si udhaifu wala anasa, bali ndivyo Mungu alivyotuumba, kwa mfano wake yeye aliye upendo.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Hapa walipita wapagazi wa Kinyamwezi, wenye sifa kwa nguvu na uaminifu wao. Hapa zilipita pembe za ndovu. Na hapa walipita watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922 tu. Tukifikiri juu ya utumwa, twaona minyororo na viboko. Lakini jeraha lake la ndani zaidi lilikuwa hili: mtumwa aling'olewa kwa watu wake, akawa hana wa kumdai wala wa kumlilia. Alikuwa na bei, lakini hakuwa na ndugu.

Mmoja wa watoto wa namna hiyo alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu, akatekwa angali mdogo na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamlea, na baadaye akasomea uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista. Alitibu na kufundisha hapo hadi alipofariki mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 60. Mtoto aliyewekewa bei akawa baba wa wagonjwa wa nchi ambayo hakuzaliwa. Hatudai kwamba wema wa wanadamu ulifuta machozi yake yote. Tunasema tu kwamba aliyepokea upendo aliweza kuutoa.

Ndivyo Mtume Yohane anavyotufundisha katika waraka wake wa kwanza, sura ya nne: sisi twapenda kwa sababu Mungu alitangulia kutupenda. Upendo wa Mungu si mshahara wa wema wetu. Nabii Isaya asema kwamba hata mama akimsahau mwanawe, Mungu hatusahau, kwa maana ametuchora katika viganja vyake. Viganja hivyo tuliviona vikitobolewa msalabani.

Basi tujiulize: katika mitaa na vijiji vyetu leo, ni nani asiye na wa kumdai wala wa kumlilia?

Ndugu, tuseme wazi. Katika Unyamwezi na Usukuma, kwa miaka mingi, wazee wetu, hasa akina mama, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Tangu miaka ya 2007 na 2008 tumesikia pia kwa aibu habari za ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya utajiri wa kishirikina. Damu hiyo ilimwagwa katika nchi yenye makanisa na misikiti.

Mambo huanza hivi. Mtoto anaugua, au ng'ombe wanakufa. Badala ya hospitali, watu wanakwenda kwa mpiga ramli chonganishi. Naye anawaelekeza kwa bibi anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Lakini nani asiyejua kwamba macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni, alipokuwa akiwapikia watoto na wajukuu hao hao? Na mara nyingi, ukichunguza, nyuma ya tuhuma hiyo limejificha shamba ambalo mtu analitamani.

Wako wanaotuuliza: Padre, je, kama kweli ni mchawi? Tunawajibu kwa Injili. Katika Marko, sura ya tatu, waandishi walimtuhumu Yesu kwamba anatenda kwa nguvu za mkuu wa pepo. Bwana wetu mwenyewe aliwahi kuitwa mwenzi wa mapepo! Basi kila bibi anaponyoshewa kidole, anasimama mahali aliposimama Kristo. Aliyebatizwa hana haki ya kusimama upande wa wenye mapanga, wala upande wa wanaonyamaza. Na sisi mapadre tukiri: mara nyingine tumekuwa wepesi kuzika na wazito kuonya.

Upendo una kazi za mikono. Kwanza, kila Jumuiya iwajue kwa majina wazee wote wanaoishi peke yao, wawe Wakatoliki au la, na iwatembelee kila juma. Pili, penye ugonjwa au msiba tuwahi kufika kabla ya ramli, tumsindikize mgonjwa hospitalini na kukaa na wafiwa. Tatu, vijana wawajengee bibi zetu majiko banifu yenye bomba la kutolea moshi. Udongo na matofali tunavyo. Nne, tukisikia fununu ya tishio, tusingoje kesho. Tumjulishe mwenyekiti wa mtaa, polisi na Tume ya Haki na Amani, na usiku huo mzee asilale peke yake.

Mtu anayebishiwa hodi kwa wema anaanza kusadiki kwamba Mungu naye hajamsahau. Labda kwa wengi hiyo ndiyo katekesi pekee watakayoielewa.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Ni nani katika eneo letu ambaye tumemwacha peke yake? Kwa nini?

2. Tumewahi kunyamaza jirani yetu alipotuhumiwa? Tuliogopa nini?

3. Juma hili tutakwenda kwa nani, siku gani, na akina nani watakwenda?

Mungu aliyetupenda kwanza atujalie kupenda bila kuchagua. Amina.