Mafuta ya Kushuka si Mafuta ya Kupanda

Mazungumzo kwa waendesha pikipiki wa Kitale na Bungoma, juu ya kuhesabu petroli pasipo geji



Jambo nililoombwa kusema nanyi leo ni dogo kwa kulitazama, lakini limewalaza watu wengi njiani. Nalo ni hili: mtu mwenye pikipiki isiyo na geji ya mafuta, atajuaje ya kuwa petroli iliyomo katika tangi itamfikisha aendako na kumrudisha kwake? Watu wa namna hiyo ni wengi katika nchi hii iliyo kati ya Kitale na Bungoma. Wengine wana geji, lakini mshale wake hulala pale pale, tangi likijaa au likiwa tupu. Geji kama hiyo ni mbaya kuliko kukosa geji kabisa, maana yasema uongo kwa uso mkavu.

Kazi ya bodaboda, kama wazee wajuavyo, ilianza kwa baiskeli huko mpakani, pande za Busia na Malaba, tangu miaka ya 1960. Jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza la mpaka. Mwenye baiskeli hakuwa na haja ya kuuliza habari za mafuta. Mafuta yake yalikuwa chakula alichokula asubuhi, na alipochoka, mwili wake ulimwambia mapema. Pikipiki haina desturi hiyo. Hukimbia kwa nguvu zile zile mpaka karibu na tone la mwisho, kisha hukohoa mara mbili tatu, ikanyamaza. Kwa hiyo hapana budi hesabu ifanywe na mtu mwenyewe, tena kabla ya safari.

Labda mmoja wenu atasema, "Nikiishiwa nitasukuma." Vema, mchana na karibu na mji aweza kusukuma. Lakini fikirini mwendeshaji aliyeamshwa saa nane za usiku ampeleke hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Pikipiki ikizimika katikati ya mashamba ya mahindi, kituo cha petroli kilicho karibu kimefungwa, naye mama ameketi kando ya barabara katika baridi, hasara ya hapo haipimwi kwa shilingi. Ndiyo maana nasema kwamba hesabu ya petroli si ubahili wala si ujuzi wa mafundi peke yao. Ni sehemu ya uaminifu wa mtu aliyekubali kumchukua mwenziwe.

Kwanza, na tuitazame njia yenyewe. Kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa barabara kuu, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, kisha kugeuka kwenda Kanduyi na Bungoma, ni mwendo ukaribiao kilomita 80. Mji wa Kitale umekaa juu, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Bungoma iko yapata mita 1,400. Maana yake ni kwamba atokaye Kitale hushuka kiasi cha mita 500, na atokaye Bungoma hupanda zote. Macho hayaoni sana jambo hili, kwa kuwa kilima kimetandazwa katika mwendo mrefu, lakini injini yalijua.

Tuseme mwendeshaji ameshuka peke yake bila mzigo, na kila lita imempeleka kilomita 45. Atakuwa ametumia lita 1.8 hivi. Sasa akiwa Bungoma anapata abiria mwenye mzigo wa kupeleka Kitale. Anajisemea, "Nilikuja kwa lita 1.8, nitarudi kwa lita 1.8." Lakini kwa kupanda, na kwa uzito aliouchukua, kila lita sasa yampeleka kilomita 35 tu. Zidisheni wenyewe: lita 1.8 zitamfikisha kilomita 63. Zimebaki kilomita 17 kufika Kitale, naye amesimama upande wa Kiminini, yeye na abiria na mzigo. Hakuibiwa, wala pikipiki haikuharibika. Alihesabu mafuta ya kupanda kwa kipimo cha kushuka.

Basi jambo la pili ni kuijua pikipiki yako mwenyewe, wala si kusikia habari za pikipiki ya jirani. Pikipiki nyingi za kazi hii, zenye injini ya cc 100 mpaka 150, huweza kwenda kilomita 40 au 50 na pengine zaidi kwa lita moja. Lakini hayo ni maneno ya jumla. Ili kuijua yako, fanya hivi. Jaza tangi mpaka alama fulani utakayoikumbuka, pikipiki ikiwa imesimama sawasawa juu ya stendi kubwa. Andika namba ya kilomita iliyo katika mita. Fanya kazi yako kama desturi kwa siku mbili au tatu. Kisha jaza tena mpaka alama ile ile, na uulize umetiliwa lita ngapi. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo, nawe umepata jibu. Fanya hivyo kwa safari za mzigo na safari za wepesi, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Katika masika, njia za udongo zinapolainika, pikipiki hukaa sana katika gia ndogo na kunywa petroli nyingi kwa mwendo mfupi.

Kama mita ya kilomita nayo imekufa, usikate tamaa. Mwombe mwenzako ambaye mita yake ni nzima akuambie urefu wa njia zako za kila siku, kutoka kituo hiki mpaka soko lile, ama tumia ramani ya simu. Ukiandika mara moja, umekwisha kujua kwa siku zote, kwa kuwa barabara haihami.

Jambo la tatu ni hili, nalo huwapotosha hata waendeshaji wa zamani: tuhesabu kwa lita, tusihesabu kwa shilingi. Twafika kituoni na kusema, "Nitilie ya mia mbili," kama kwamba mia mbili ni kipimo kisichobadilika. Lakini mamlaka inayosimamia bei, iitwayo EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hiyo hutumika kuanzia tarehe 15. Lita ikiwa shilingi 160, kwa shilingi 200 utapata lita moja na robo. Lita ikiwa shilingi 200, utapata lita moja tu. Robo ile iliyopungua, kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, ni kilomita 10 za njia. Katika mwezi wa Septemba 2023 bei ya petroli mjini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita, na kila aliyezoea kununua kwa mia mbili aliona safari yake imefupishwa. Kwa hiyo itazame namba ya lita katika pampu, uiandike hiyo.

Jambo la nne ni koki ya mafuta. Pikipiki nyingi zenye kabureta zina koki chini ya tangi, yenye alama tatu: ON, OFF na RES. Ndani ya tangi mna mianya miwili ya kunywea petroli, mmoja umeinuka na mmoja uko chini. Koki ikiwa katika ON, injini hunywa kwa ule ulioinuka. Petroli ikishuka chini ya mwanya huo, injini hukohoa. Hapo ndipo unapogeuza koki kwenye RES, na injini hunywa akiba iliyobaki chini, ambayo aghalabu ni lita moja au mbili. Kitabu kilichokuja na pikipiki chasema kiasi chake.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba yaweza kuliwa bila mwenyewe kujua. Wako watu wanaoiacha koki katika RES siku zote. Mtu huyo hana akiba, ijapokuwa koki anayo. Pikipiki yake ikikohoa, mambo yamekwisha. Sheria ni hii: ukishatia mafuta, kabla hujawasha injini, rudisha koki kwenye ON. Jizoeze mpaka mkono ufanye wenyewe. Na kikohozi kikija, usiseme, "Bado niko na akiba, nitafika." Kikohozi ndiyo geji yako, nacho kinakuagiza kituo cha petroli kilicho karibu. Tena, kwa kuwa takataka na maji hukusanyika chini ya tangi, tangi na chujio lake vitazamwe na fundi mara kwa mara, ili siku ya haja akiba isije na uchafu.

Pikipiki nyingine za siku hizi hazina koki wala kabureta, mafuta yake husukumwa kwa pampu. Hizo hazikohoi na kungojea. Tena pampu yaweza kuharibika ikizoea kufanya kazi bila mafuta. Mwenye pikipiki ya namna hiyo azidi kushika hesabu.

Jambo la tano ni kijiti cha kupimia. Chukua kijiti cha mti kisafi, kikavu, kilichochongwa vizuri. Tangi likiwa tupu, pikipiki ikisimama juu ya stendi kubwa mahali palipo sawa, tia lita moja iliyopimwa, chovya kijiti, ukate alama. Tia lita ya pili, kata alama nyingine, na kuendelea. Tangu siku hiyo kila asubuhi wajua kiasi ulicho nacho. Lakini injini iwe imezimwa na kupoa, na jiko au sigara visiwe karibu. Wala mtu asitazame ndani ya tangi kwa kiberiti au mshumaa, kwa sababu mvuke wa petroli huwaka kabla ya petroli yenyewe.

Kijiti nacho kina mpaka wake. Tangi la pikipiki limekaa juu ya chuma kama matandiko juu ya mgongo wa punda, lina mifuko miwili, kulia na kushoto. Petroli ikipungua sana, kijiti hugusa kile kiinuko cha katikati, kikatoka kikavu, na kumbe mafuta kidogo yangalimo katika mifuko. Ndiyo sababu kutikisa tangi na kusikiliza pia hudanganya: utasikia mlio wa mafuta ambayo koki haiyafikii. Ikiwa umekwama, ilaze pikipiki kidogo kuelekea upande ule wenye koki, ili mafuta ya mfuko wa pili yavuke. Pengine utapata kilomita chache za kukufikisha kwa watu. Hiyo ni dawa ya dharura, isiwe desturi.

Na kama injini imezimika nawe wajua kwa hesabu ya kuwa mafuta yamo, fungua kifuniko cha tangi kidogo. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na matope, petroli haishuki. Mwenye hesabu hutambua neno hili upesi, asiye na hesabu hukimbilia kununua petroli isiyohitajiwa.

Kuna wanaosema, "Haya yote ya nini? Nitachukua petroli katika chupa." Ndugu zangu, sipendi kuwatisha, lakini petroli si maji. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, katika barabara ya kutoka Nakuru kuja Eldoret. Watu walikusanyika kuteka petroli iliyomwagika. Moto ulipowaka walikufa watu zaidi ya 100. Chupa ya plastiki iliyofungwa karibu na ekzosi ya moto, chini ya miguu ya abiria, ni hatari ile ile iliyotiwa katika kipimo kidogo. Hesabu njema yakuepusha na haja ya kuichukua.

Neno langu la mwisho ni juu ya daftari. Nunua daftari dogo la mfukoni, uandike mambo manne: tarehe, kilomita, lita, na shilingi. Daftari hilo litakusaidia kuliko geji. Likionyesha kwamba pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 45 kwa lita sasa yaenda 35 katika njia ile ile na kwa mzigo ule ule, utajua kuna ugonjwa: pengine koki yavuja, pengine breki zashika, au magurudumu hayana upepo wa kutosha, au chujio la hewa limejaa vumbi. Na kwa ninyi mnaoendesha pikipiki za watu wengine, siku tajiri anapouliza petroli imekwenda wapi, maneno matupu huleta ugomvi, lakini daftari huleta amani.

Basi, kabla ya kuondoka kesho asubuhi, kila mmoja ajiulize maswali matatu. Nina lita ngapi? Njia yangu yataka lita ngapi, kwenda na kurudi, kushuka na kupanda? Na koki yangu iko wapi? Asiyeweza kuyajibu yote matatu, asimpakie mtu kwanza. Atie mafuta, ahesabu, kisha ndipo amwambie abiria wake, "Panda, twende."