Kabla ya Kushika Bureti: Maneno kwa Wanaoanza Kemia

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni.)



Nimeombwa niseme juu ya somo la kemia kwa kuwa kazi yangu serikalini ni ya kupima maji. Naona wenzangu tuliolala bweni moja wanacheka, maana wanakumbuka kwamba katika jaribio langu la kwanza la kemia nilipata alama 28 kwa 100. Na wacheke. Alama ile ndiyo inayonipa haki ya kusimama hapa, kwa sababu najua ni nini kilichonikwamisha.

Sikukwama kwa sababu kemia ni ngumu. Nilikwama kwa sababu nilikimbilia moshi na rangi, nikadharau mambo madogo yanayolibeba somo lenyewe. Mambo hayo ndiyo nitakayoyataja.

La kwanza ni hesabu ya kawaida: desimali, asilimia, uwiano, na kubadili vipimo. Nitawasimulia kisa changu mwenyewe. Mwaka 2006, nikiwa mgeni kazini na shahada yangu bado mpya, tulikuwa na hofu ya kipindupindu, nikatakiwa kupanga kiasi cha dawa ya klorini ya kutia katika tangi la lita 10,000. Tulitaka kila lita ipate miligramu 2 za klorini. Jumla yake ni miligramu 20,000, yaani gramu 20. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa na klorini asilimia 65, kwa hiyo ilihitajika dawa ya gramu 31 hivi. Mimi kwa haraka niliandika kwamba miligramu 20,000 ni gramu 200, nikapata dawa ya gramu 310.

Mzee mmoja tuliyekuwa naye, aliyeishia darasa la saba, aliitazama karatasi yangu kisha akaniambia kwa upole, "Bwana mdogo, tangi hili mimi siku zote naliwekea vijiko viwili. Leo unataka nimwage kopo zima?" Nikarudia hesabu, jasho likinitoka. Kama tungefuata karatasi yangu, kila lita ingepata miligramu 20, hali Shirika la Afya Duniani linasema klorini katika maji ya kunywa isizidi miligramu 5. Nilimwamkia mzee yule kwa adabu zaidi tangu siku ile.

Vijana, jifunzeni mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, namba isiyo na kipimo chake ni namba bubu. Usiandike "20" ukanyamaza. Andika ni gramu 20 au ni miligramu 20. Pili, kabla hujakokotoa, kisia jibu kichwani. Mzee hakukokotoa, lakini alijua jibu linapaswa kukaa wapi. Mwanafunzi anayejua kukisia hukamata kosa lake kabla mwalimu hajalikamata.

La pili ni kusoma chombo. Maji yakiwa katika bomba la kioo, uso wake hubonyea katikati. Soma chini ya ule mbonyeo, jicho lako likiwa sawa nao, wala si kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, mwalimu wetu alitupimisha maji matupu karibu mwezi mzima. Tulinung'unika sana. Baadaye, katika mtihani wa vitendo, tulielewa kwa nini. Bureti husomwa hadi sehemu za mia za mililita, na mkono uliozoea maji hautetemeki mbele ya asidi.

La tatu ni kuelewa kwamba mlinganyo wa kemia ni hesabu ya mali. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Mfaransa Lavoisier aliliweka wazi jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1789. Gramu 4 za hidrojeni huungana na gramu 32 za oksijeni kutoa gramu 36 za maji, wala haipotei hata moja. Kwa hiyo unaposawazisha mlinganyo, badili idadi ya molekuli, usibadili molekuli yenyewe. Mwanafunzi akiona oksijeni imezidi, hugeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili mambo yalingane. Yatalingana kwenye karatasi, lakini H₂O₂ si maji. Ni haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu, na ikiwa kali huunguza ngozi.

Anayeona uwiano ni mgumu na aende kwa fundi baiskeli. Fundi mwenye fremu 10 na magurudumu 14 ataunda baiskeli ngapi? Saba, na fremu tatu zitabaki. Hakuna aliyemfundisha kemia, lakini amekwisha jua kwamba kilicho pungufu ndicho kinachoamua. Hata neno mole, linalowatisha wengi, ni jina la idadi tu, kama dazani. Dazani ni 12. Mole ni 6.022 × 10²³. Kwa kuwa atomu hazihesabiki kwa kidole, tunazihesabu kwa mizani.

La nne ni lugha. Mmetoka shule ya msingi mkisoma kwa Kiswahili, na hapa vitabu ni vya Kiingereza. Msikariri sentensi msizozielewa. Kila neno jipya, ulizeni maana yake, lielezeni kwa Kiswahili mpaka mwenzenu wa kitanda cha pili aelewe, ndipo mliandike kwa Kiingereza. Na someni maelekezo yote kabla ya kugusa chupa. Anayetaka kuzimua asidi kali huitia asidi ndani ya maji polepole, wala hatii maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto lake huweza kuirusha usoni. Sentensi moja iliyosomwa nusu yaweza kumgharimu mtu macho.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa, ni uaminifu wa daftari. Andika ulichokiona, si alichokiona jirani yako. Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro yapo maji yenye floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekua akinywa maji yaliyozidi sana hupata meno ya rangi ya kahawia, na hata mifupa huweza kuharibika. Mpimaji akipika namba ofisini, anayelipa ni mtoto huyo. Tabia ya kupika namba haianzi kazini, huanza hapa, katika maabara ya Kidato cha Kwanza, pale matokeo yako yanapotofautiana na ya wenzako nawe ukaona haya.

Ndugu zangu wa zamani, kwenu nina ombi moja. Tunapenda kuchangia vitu vinavyoonekana kutoka barabarani. Mwaka huu tuchangie mizani na bureti, ili kila kijana ashike chombo kwa mkono wake mwenyewe badala ya kutazama juu ya bega la mwenzake.

Nanyi vijana, akipata mmoja wenu alama 28, asikate tamaa. Arudi kwenye desimali zake.