Tumbo Nalo Limehamia London

Mazungumzo na familia mpya kuhusu chakula na bakteria wa tumboni

 

Mtu akihama nchi hubeba nguo, karatasi za safari na picha za ndugu. Kuna mzigo mwingine ambao hakuna afisa wa uwanja wa ndege anayeuuliza: bakteria walio tumboni mwake. Nataka tuuzungumzie leo, kwa sababu unapungua upesi bila mwenyewe kujua.

Neno bakteria linatutisha, na si bure. Wengi wetu tumeona kipindupindu. Lakini wengi wa bakteria wanaoishi katika utumbo mpana hawatudhuru, wanatusaidia. Chakula chao ni nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za maharage, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa ambazo mwili wetu wenyewe hauwezi kuzimeng'enya. Wakizila, wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kusaidia kinga ya mwili. Wasipozipata, aina nyingi hupungua na nyingine hutoweka.

Hapa London mambo huanza hivi. Mmewekwa hotelini au katika nyumba ya muda, hakuna jiko. Mkate mweupe, chipsi na soda ndivyo vilivyo karibu. Baadaye mnapata jiko, lakini mtoto ameshazoea. Anasema maharage ni chakula cha kambini. Nawe mzazi unaona afadhali umpe anachotaka, labda hata unaona ndiyo maendeleo.

Sasa sikilizeni yaliyopimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Minnesota, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 500 wa jamii za Hmong na Karen. Hawa ni watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, na wengi wao walifika Marekani kama wakimbizi. Ilionekana kwamba aina za bakteria wao wa tumboni zilianza kupungua katika miezi ya mwanzo tu. Watoto wa wahamiaji waliozaliwa Marekani walikuwa na aina chache zaidi kuliko wazazi wao.

Habari njema inatoka kwetu. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, wakishirikiana na chuo kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walichunguza wanaume 77 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Matokeo yalitoka Aprili 2025. Baadhi ya wanaume wa kijijini walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili. Ndani ya muda huo mfupi, damu yao ilionyesha dalili za mwili unaopigana vita ndani kwa ndani, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu vya magonjwa. Wanaume wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili walionyesha kinyume chake: dalili hizo zilishuka. Walionywa mbege kwa wiki moja nao walipata nafuu ya namna hiyo. Sisemi mnywe pombe. Ninachosema ni kwamba mwili uliobadilika unaweza kurudi.

Basi tufanye nini? NHS inashauri mtu mzima apate gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na watu wengi wa Uingereza hawafikii kiwango hicho. Wewe tayari unajua kukipika. Nenda soko la Ridley Road, Dalston, au Rye Lane, Peckham, au Queen's Market, Upton Park. Utapata ndizi mbichi, viazi vitamu, bamia, kunde na dengu. Sombe huuzwa ikiwa imegandishwa katika maduka ya Kiafrika. Kama bado huna jiko, kula maharage ya kopo, matunda, karanga na mkate wa ngano isiyokobolewa. Badala ya maziwa mgando, nunua mtindi usio na sukari wenye neno “live”, maana yake bakteria wake wako hai. Kama umekaa miezi bila maharage, anza kidogo kidogo na unywe maji, gesi itapungua.

Wali uliobaki usiachwe juu ya jiko usiku kucha. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto. Upoze wali ndani ya saa moja, uweke kwenye friji, uliwe ndani ya siku moja.

Tena, chakula si dawa ya kila tumbo. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori ni wa kawaida sana kwetu Afrika Mashariki na Kongo. Wengi hawaumwi, lakini wengine huwaletea vidonda vya tumbo, na wachache saratani. Zamani wagonjwa waliambiwa ni mawazo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomgundua. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tumbo likiuma mara kwa mara, mwambie GP wako. Hupimwa kwa pumzi au choo, na dawa zake, ambazo ni pamoja na antibiotiki, kwa kawaida ni za wiki moja. Zimalize. Usichukue antibiotiki za jirani, kwa sababu zinaua na bakteria wazuri. Mkalimani wa NHS ni bure, kwa hiyo usimtumie mtoto wako kutafsiri. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, piga 999 au nenda A&E.

Wiki hii nawaomba jambo moja. Pikeni sufuria ya maharage na mboga za majani, mle pamoja na watoto. Mtoto akisema hicho ni chakula cha kambini, mwambie ni chakula cha bibi yake, na kwamba wataalamu wa Moshi wamepima chakula cha asili na kuona kinaufaa mwili.