ELIMU INA MWENYEWE: MITANDAO YA KIJAMII NA NAFASI YA MWALIMU

(Matini ya muhadhara uliotolewa kwa waumini baada ya Sala ya Alasiri)

  

Ndugu zangu Waislamu, mada niliyopewa ni athari ya mitandao ya kijamii katika kusoma na kusomesha. Mada hii ni pana, nami nitaiendea kwa mlango mmoja tu: elimu inayotufikia kwa njia ya simu, tunaipokea kutoka kwa nani?

Swali hili ni kongwe. Imam Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria, amepokea katika utangulizi wa Sahihi yake maneno ya Ibn Sirin, Tabiina wa Basra, akiwahimiza watu wamchunguze yule wanayemchukulia dini yao. Ibn Sirin anaeleza pia kuwa mwanzoni watu hawakuwa wakiulizia isnadi, lakini ilipozuka fitina wakaanza kudai watajiwe wapokezi. Na kabla yake, Sahaba Jabir bin Abdillah (r.a.) alifikiwa na habari kwamba kuna Hadithi moja aliyoisikia Abdullah bin Unays (r.a.) kwa Mtume (s.a.w.). Alinunua ngamia, akasafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham ili aisikie kwake mwenyewe. Imam Bukhari ameigusia safari hiyo katika Kitabu cha Elimu. Zingatieni, ndugu zangu: Hadithi ilikwisha kumfikia Jabir akiwa nyumbani kwake. Kilichomtoa ni kuwa hakuipokea kwa aliyeisikia.

Leo ujumbe hutufikia ukiwa umepita mikono isiyohesabika, nasi tunausambaza kabla hata ya kuumaliza kuusoma. Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani huzunguka maneno yanayodaiwa kuwa ni Hadithi, kwamba atakayekuwa wa kwanza kuwajulisha watu kuingia kwa mwezi huo basi Moto umeharamishwa kwake. Maneno hayo hayana asili katika vitabu vya Hadithi. Aliyeyasambaza ni mtu mwema, hana nia mbaya. Ni mama zetu, ni shemeji zetu, na wakati mwingine ni sisi wenye kanzu. Lakini kumnasibishia Mtume (s.a.w.) jambo asilolisema ni miongoni mwa makosa mazito mno katika dini yetu, na wema wa nia hauigeuzi Hadithi ya uongo ikawa sahihi.

Tusije tukadhani kuwa simu ndiyo iliyouleta ugonjwa huu. Wazee mliomo humu mnaukumbuka ule wasia wa Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mlinzi wa Haramu ya Madina, aliyeota ndoto. Ulikuwa ukinakiliwa kwa mkono, kisha kwa mashine za fotokopi, na ndani yake mna ahadi ya utajiri kwa atakayeusambaza na vitisho kwa atakayeupuuza. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (aliyefariki 1999) aliandika risala maalumu ya kuubatilisha. Haukufa. Umehamia katika simu.

Tofauti iliyopo ni kasi na wingi. Mwaka 2018, huko India, watu wasio na hatia waliuawa na makundi ya watu kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto ulioenezwa kwa WhatsApp. Ndipo kampuni hiyo ikaanza kuweka mpaka wa kusambaza ujumbe, na mwezi wa Januari 2019 ikauweka duniani kote: mara moja usipelekwe kwa zaidi ya watu au makundi 5. Aprili 2020 ikaongeza kuwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Sisi tuna Suratun-Nisaa aya ya 83, inayowalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu iwajiayo badala ya kuirejesha kwa Mtume na kwa wenye uwezo wa kuipambanua. Ni jambo la kusikitisha kwamba kampuni ya biashara ndiyo imelazimika kutufunga mkono.

Madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yako katika fat'wa. Chukueni mas-ala ya mume aliyetamka talaka tatu kwa kikao kimoja. Jamhuri ya ulamaa, wakiwemo Maimamu wanne, wamesema zinapita zote tatu. Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya na waliomuunga mkono wamesema inapita moja. Mume akifungua simu yake atapata kipande cha video cha dakika mbili kinachomrudishia mkewe. Kaka wa mke naye atapata chake kinachomkataza. Kila mmoja ana "sheikh" mfukoni, na watoto wako katikati. Wala hawa masheikh wawili hawakukosea, kwani kila mmoja alikuwa akimjibu muulizaji wake. Mufti anayemkabili muulizaji humhoji: ulitamka lafudhi ipi? Ulikuwa katika hali gani ya hasira? Uliifunga kwa sharti? Mkeo alikuwa tohara au hedhini? Umekwisha kumtaliki kabla ya hapo? Video haiulizi lolote. Na mara nyingi aliyeikata ameondoa ile sentensi ya mwisho ambamo mna "ila ikiwa". Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa mas-ala 48, akasema "sijui" katika 32. Nani leo atamtazama sheikh wa namna hiyo katika simu?

Hapo ndipo tunapofika kwa mwalimu. Mitandao hii huendeshwa kwa fedha za matangazo, na humpandisha yule anayeyashika macho ya watu muda mrefu. Mwaka 2018 YouTube iliweka sharti kwamba chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ipate mgao wa matangazo. Somo la tohara, linalosomeshwa kwa utulivu kuanzia mlango wa maji, halishindani na video ya masheikh wawili wakirushiana radi. Mwalimu kijana akiliona hilo, hushawishika kuacha kitabu na kutafuta mabishano, na idadi ya wafuasi ikakaa mahali pa ijaza. Tusimlaumu peke yake. Mzazi anayeona uzito kutoa ada ya madrasa ya mwezi hununua bando la intaneti kila wiki bila kunung'unika.

Na mwanafunzi? Huyu huja darasani amekwisha kusikiliza mihadhara mia, na hajakamilisha matini moja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika tajwidi jambo hili linaonekana wazi. Atamsikiliza msomaji wa Misri au wa Hijazi usiku kucha, lakini msomaji huyo hamsikii yeye. Akiitoa dhaadi kama dali, simu haitamrudisha. Mwalimu aliyekaa mbele yake huutazama ulimi na midomo, akamrudisha mara kumi.

Silengi kuharamisha chombo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alitumia chombo kipya cha zama zake kuwasomesha watu dini. Lakini watu walimjua aliyeandika, na aliyetaka kumhoji alijua pa kumpata. Leo Maktaba Shamila imeweka maelfu ya vitabu bila malipo, na mama anayelea mtoto mchanga anaweza kumtumia mwalimu anayemjua sauti ya kisomo chake, naye akamsahihisha. Huko ni kusoma hasa, kwa sababu kuna anayemsikiliza.

Ninachopendekeza kwa msikiti wetu ni kidogo. Katika kundi la WhatsApp la waumini, ujumbe wa dini usiotaja kitabu wala aliyeusema urudishwe kwa aliyeuleta, aulizwe kwa adabu ameupata wapi. Akisema hajui, msimamizi wa kundi auondoe. Rekodi za darsa zetu zitoke zikiwa kamili, na jina la mwalimu, kitabu na mlango uliosomwa. Mas-ala ya talaka, mirathi na madeni yasijibiwe ndani ya kundi kabisa. Wenye nayo waje hapa baina ya Magharibi na Isha, tuwasikilize.