Vazi Lisimzuie Mtu Mlangoni

Somo: Yakobo 2:1-9

Nawasalimu mlio nyumbani na mlio safarini, na hasa ninyi wa Litein, Kapkatet na Bomet, ambao huenda mvua imewakuta chaini na nguo za kazi bado hazijakauka.

Leo tutafakari habari ya mavazi. Yakobo anawaandikia Wakristo juu ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko. Mmoja ana pete ya dhahabu na nguo nzuri. Mwingine ni maskini, na nguo zake zimechakaa. Wa kwanza anapewa kiti cha heshima. Wa pili anaambiwa asimame kando, au aketi chini. Yakobo haliiti jambo hilo kosa dogo la adabu. Anasema wazi kwamba upendeleo huo ni dhambi.

Katika nchi yetu jambo hili halijaisha. Mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Bwana Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kiasili ndani ya Bunge. Mwanamume avae koti, shati la mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Wengi walishangaa, maana suti hiyo ina jina la Mwafrika, Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, na wakati ule hata Rais wetu, Dkt. William Ruto, alionekana nayo mara kwa mara. Wengine walisema Bunge lina heshima yake. Sikuja kuamua kesi hiyo. Nauliza swali lililo nyuma yake: amri ya mavazi inamtumikia nani?

Maana si kila amri ya mavazi ni mbaya. Wafanyakazi wa kiwanda cha chai huvaa koti safi na kofia ya kufunika nywele. Daktari haingii chumba cha upasuaji na nguo alizotoka nazo sokoni. Mchuma chai hufunga aproni ya nailoni na kuvaa gambuti kwa sababu ya umande. Amri hizi zina upendo ndani yake: zinamlinda mnywaji, mgonjwa na mfanyakazi. Hata sisi wachungaji tunavaa kanzu, na sababu yake njema ni kumficha mtu ili Neno lionekane. Siku kanzu itakapomkuza mchungaji, itakuwa imegeuka kuwa ile pete ya dhahabu.

Lakini ziko amri nyingine. Kadi ya arusi inaandikwa rangi ya nguo. Kamati inaamua kitenge cha namna moja. Mama ambaye bonasi yake ya chai imekwisha kwa karo anaitazama kadi, anahesabu, kisha anasema siku hiyo kichwa kinamwuma. Kichwa hakimwumi. Amefungiwa mlango kwa kipande cha kitambaa. Na Jumapili je? Wako ndugu zetu wasiokuja ibadani kwa kuwa viatu walivyo navyo ni gambuti tu. Wako akina mama wanaojificha nyuma siku ya Umoja wa Akina Mama, kwa kuwa hawajaweza kushona sare. Sare hufaa kumfananisha tajiri na maskini. Isiwe ndiyo inayowatenga.

Tazameni kituo cha kununulia chai. Mchuma akifika, karani hashughuliki na vazi lake. Hutazama majani: je, ni mawili na chipukizi? Kisha huyapima. Hakuna aliyeongezewa kilo kwa ajili ya tai yake. Basi, karani ajua kutazama kilichomo kikapuni, na kanisa lisijue kutazama moyo? Ndivyo Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese, alipovutiwa na umbo la Eliabu, naye Bwana alikuwa amemchagua mchunga kondoo.

Mtu atasema, "Mchungaji, na adabu je?" Ni kweli, Mkristo ajisitiri. Lakini someni vizuri 1 Timotheo 2:9. Paulo anataja pia dhahabu, lulu na nguo za gharama. Sisi tunaipima sketi ya binti kwa rula, na bei ya suti ya mzee hatuigusi. Tena kumbukeni Novemba 2014, wanaume walipomvua mwanamke nguo katika kituo cha magari Nairobi, wakidai wanatetea adabu. Tarehe 17 mwezi ule wanawake waliandamana, na kabla ya mwaka kwisha sheria ilitungwa inayomfunga mwenye kutenda hivyo miaka isiyopungua 10. Bwana wetu naye alivuliwa nguo pale msalabani. Amvuaye mwenzake amesimama upande wa askari wale.

Mwingine atataja Mathayo 22, yule aliyetolewa nje kwa kukosa vazi la arusi. Lakini wageni wale waliokotwa njiani, wema kwa wabaya. Hawakupewa nafasi ya kwenda dukani. Vazi lile halinunuliwi kwa fedha. Ni haki ya Kristo, nayo hutolewa bure. Mwana mpotevu hakuambiwa abadilishe nguo kwanza. Alikumbatiwa akiwa na harufu ya nguruwe, ndipo baba akaagiza vazi bora.

Basi, wiki hii tufanye mambo matatu. Ninyi wa kamati za arusi, andikeni kwenye kadi kwamba kila mtu aje na nguo aliyo nayo. Wasimamizi wa kanisa, mgeni mwenye gambuti mketisheni mbele. Akina mama, mwenzenu asiye na sare aketi katikati yenu, na mkiweza mshoneeni bila kutangaza.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetuvika tulipokuwa uchi, utusamehe kwa kila mtu tuliyemrudisha mlangoni. Utuvike huruma, unyenyekevu na upendo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.