Karai Moja na Mikono Mingi



Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Hakiletwi na upepo: hutoka katika kinyesi, kikapita kwenye maji au mkono, kikaingia kinywani. Kuhara na homa ya matumbo hufuata njia iyo hiyo.

Sisi wa Kibugu hatukosi desturi ya kunawa. Ila katika arusi na matanga karai moja huzungushwa. Wazee hunawa kwanza kwa heshima, watoto mwisho. Basi mtoto wa mwisho hanawi, bali huchovya mikono katika uchafu wa watu wote. Naye ndiye ambaye kuhara humdhoofisha upesi. Heshima ya mkubwa isiwe hatari ya mdogo.

Dawa yake si ya gharama. Mtu mmoja ashike birika, awamiminie wengine; au tutundike kibuyu chirizi, yaani dumu kuukuu lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Tusugue kwa sabuni muda wa sekunde 20, baada ya choo na kabla ya kushika chakula.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika, mitungi iliwekwa milangoni. Hofu ilipopungua, mingi ikakauka. Tusingoje hofu nyingine. Naomba chama kiazimie kwamba katika kila mkutano wetu maji yamiminwe, yasichovywe. Wazee wakitangulia, vijana watafuata.